UZI: Red Sox hawakumuuza Mookie Betts, walimtumia kulipia deni la David Price

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa Ulaya, humu jukwaani nawasoma Wana-Liverpool wenzangu wakiwaporomoshea FSG, wenye timu yetu, matusi: mabahili, wachuuzi, timu kwao ni duka. Mimi naishi Massachusetts, na wenye timu huku ni walewale. Kundi la John Henry na Tom Werner lina Boston Red Sox, klabu ya besiboli, tangu 2002, Liverpool walikuja kuinunua 2010. Matusi nayo ni yaleyale, ila huku yana kesi maalumu ambayo mtu mzima anaweza kukusimulia kwenye foleni ya kahawa bila wewe kumuuliza. Kesi ya Mookie Betts.

Naiandika kwa kirefu kwa sababu habari za mishahara ya besiboli zinafika nyumbani nusunusu. Wasiopenda gazeti wapite kimyakimya.

Betts alichukuliwa na Red Sox kwenye drafti (klabu zikichagua vijana kwa zamu) ya 2011, raundi ya tano, mchezaji wa 172. Maana yake klabu zote zilimpita mara kadhaa. Akapanda timu kubwa 2014. Mwaka 2018 alipiga wastani wa .346, homurani 32 (ile mipira inayovuka ukuta), akaiba vituo 30, akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Timu ikashinda mechi 108 na kuchukua World Series, fainali ya ubingwa, mbele ya Dodgers wa Los Angeles. Ulinzi wake kwenye uwanja wa kulia ulikuwa somo. Pale Fenway, uwanja wetu, kona ya kulia imepinda vibaya, mpira ukigusa ukuta unaweza kukimbilia popote, na yule bwana alikuwa anafika kabla mpira haujaamua uende wapi.

Sasa tuje kwenye pesa. Ligi kuu ya besiboli haina kikomo cha mishahara, ina mstari. Ukiuvuka, unalipa kodi ya anasa kwa kile kilichozidi: asilimia 20 mara ya kwanza, 30 mwaka wa pili mfululizo, 50 kuanzia wa tatu. Ukishuka chini ya mstari kwa mwaka mmoja tu, hesabu inaanza upya kwenye 20. Red Sox walivuka 2018 na 2019, na kodi ya miaka yote miwili ukijumlisha inafika kama dola milioni 25. Septemba 2019 Henry akasema wazi kwamba msimu wa 2020 wanataka kuwa chini ya mstari, ambao ulikuwa dola milioni 208. Mwezi huohuo walimfukuza mkuu wa usajili, Dave Dombrowski, aliyejenga kikosi cha ubingwa. Akaletwa Chaim Bloom kutoka Tampa Bay Rays, klabu inayosifika kwa kushinda na pochi nyembamba.

Tulieni kidogo kwenye hiyo milioni 25. Hii ni klabu ambayo tiketi zake ni miongoni mwa ghali kuliko zote, na wenye nayo ndio wenye hisa nyingi za televisheni ya NESN inayoonyesha mechi zake. Kwao kodi ile haikuwa janga. Ilikuwa gharama ya kuwa na timu bora, na wao wakaamua kuigeuza dari.

Kuna jambo watu hulisahau: Boston walikuwa na muda. Mchezaji anayepanda timu kubwa yuko chini ya klabu yake kwa misimu sita kamili kabla ya kuwa huru. Mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini. Betts 2017 alilipwa dola 950,000, na alikuwa ameshakuwa wa pili kwenye kura za mchezaji bora mwaka uliotangulia. Mitatu ya mwisho mkishindwa kukubaliana mnakwenda kwa wasuluhishi. Kila upande unaweka namba yake mezani, wao wanachagua moja, hakuna kukutana katikati. Mwanzoni mwa 2018 klabu ilitaka kumlipa milioni 7.5, yeye akasema 10.5. Akashinda. Halafu akaenda kupiga ule msimu.

Hebu fikiria umekaa ndani ya kile chumba. Wanasheria wa klabu yako, iliyokulea tangu una miaka 18, wanasoma mbele yako sababu za kwa nini huna thamani unayodai. Sishangai kwamba baada ya hapo alikuwa anasema kwa upole kabisa kwamba anataka kuliona soko. Iliripotiwa kuwa aliwahi kukataa milioni 300 kwa miaka kumi, na yeye akataja 420 kwa miaka kumi na miwili. Ukifika hapo umebakiza msimu mmoja tu, na kila karata iko mkononi mwake.

Hapo ndipo wengi wanasema, "Bloom angefanyaje? Angeondoka bure." Sawa. Kumwachia mchezaji kabla mkataba haujaisha si dhambi. Hasira yangu iko kwenye namna walivyomwachia.

David Price, mrushaji. Desemba 2015 alipewa milioni 217 kwa miaka saba. 2018 alifanya kazi, mechi ya kufunga World Series ni yeye aliyerusha, hilo halipingiki. Lakini kufika 2020 ana miaka 34, kiwiko kinamsumbua, na bado anadai milioni 96 kwa miaka mitatu. Hakuna klabu iliyokuwa tayari kumchukua kwa bei hiyo akiwa peke yake. Wakafanya nini? Wakamfunga na Betts kwenye kifurushi kimoja. Dodgers wakaambiwa: mnamtaka huyu, mchukueni na yule, sisi tutawalipia nusu ya mshahara wake.

Ukienda sokoni na dhahabu halafu ukamlazimisha mnunuzi abebe na gunia la mkaa mbichi, atakupunguzia bei ya dhahabu. Boston walipata Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Downs alicheza mechi chache na Desemba 2022 akaondolewa kikosini, akachukuliwa na Nationals wa Washington. Verdugo Desemba 2023 akapelekwa kwa mahasimu wetu Yankees, nasema YANKEES. Amebaki Wong, mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji).

Thamani ya Betts haikurudi Boston kama vipaji. Nusu yake ilirudi kama unafuu wa deni la Price. Ndiyo maana nasema hawakumuuza.

Kulikuwa na toleo la kwanza la dili hilo ambalo liliwahusisha Minnesota Twins, na Boston wangempata mrushaji kijana Brusdar Graterol. Wakasoma vipimo vyake vya afya, wakasita, siku zikapita watu wamekaa roho juu, dili likaandikwa upya na kukamilika Februari 10, 2020. Graterol akaishia hukohuko Dodgers.

Julai 22, 2020, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi akiwa na jezi ya Dodgers, Betts akasaini milioni 365 kwa miaka kumi na miwili. Yule aliyekuwa "anataka kuliona soko".

Oktoba wakafika fainali dhidi ya Rays, walikotoka akina Bloom. Mechi ya sita, Rays wanaongoza 1–0, mrushaji wao Blake Snell anawamaliza watu. Zamu inarudi kwa Betts, kocha akamtoa Snell kwa sababu hesabu za kompyuta ndivyo zilivyosema. Betts akapiga mpira uliomfikisha kituo cha pili dhidi ya aliyeingia. Muda mfupi baadaye mpira mdogo ukagongwa kuelekea kituo cha kwanza, yeye akachomoka kutoka cha tatu na kuteleza nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, kabla ya mkono wa mdakaji. Baadaye akaongeza homurani. 3–1, kombe. Mimi nilizima televisheni kabla ya sherehe.

Uwanja ni wenu.

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu umeupiga mwingi, sikuwahi kufuatilia huu mchezo lakini nimesoma hadi mwisho. Swali langu: mbona Coutinho? Januari 2018 tulimuuza Barcelona kwa zaidi ya pauni milioni 100, watu wakalia, mwezi huohuo tukawa na Van Dijk, kisha Alisson, mwaka uliofuata kombe la Ulaya. Wenye timu ni walewale, akili ni ileile. Kwa nini Liverpool ilijibu na Boston haikujibu?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mno, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Soka lina ada ya uhamisho. Barcelona walileta pesa taslimu, na pesa haina nafasi uwanjani wala historia ya majeraha, unaipeleka unakotaka. Besiboli ya Marekani haiuzi wachezaji kwa namna hiyo. Zamani ilikuwepo, na Boston ndio mfano mkuu: Desemba 1919 walimuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000, wakakaa kutoka 1918 hadi 2004 bila ubingwa. Siku hizi unabadilishana mtu kwa watu, na mshahara unahama na mkataba wake. Unachopokea ni vijana wa ligi ndogo ambao wengi hawatafika popote. Kwa hiyo ukimtoa mtu kama Betts, kitu pekee cha kulilia ni ubora wa vijana, na wao hichohicho ndicho walichokitoa sadaka ili Price aondoke.

Coutinho hakufungwa kwenye kifurushi na mtu mwingine. Ingekuwa Liverpool wamewaambia Barcelona "mchukueni pamoja na huyu beki mwenye mkataba mnono tusiyemtaka", Alisson tungemsikia redioni.

#4 Mdau, Lowell

Mzee mimi pia niko Massachusetts, hapa Lowell tulipojaa Wakenya, na hii hadithi nimechoka nayo. Nyinyi mnaongea kama vile Betts ni malaika. Mkataba wake unaisha 2032, atakuwa na miaka 40. Msimu wa 2025 alipiga .258, wa chini kuliko yote aliyowahi. Miaka saba bado iko mbele. Subiri uone Dodgers wakilia na huo mkataba, ndipo utajua Henry alikuwa anaona mbali. Mtu wa besiboli akifika 33 hushuka, hizo ni hesabu, si ushabiki maandazi.

#5 Mleta uzi

Hoja yako ina mashiko na siikwepi. Mikataba ya miaka 12 karibu yote huwa mibaya mwishoni, na kila anayesaini analijua hilo. Unalipia miaka ya mwanzo, ile ya mwisho ni riba. Dodgers wamechukua ubingwa 2020, 2024 na 2025, na wa karibuni kabisa Betts alikuwa anacheza shortstop, nafasi ngumu kuliko zote za ulinzi wa ndani, akiwa na miaka 33. Kaka, niambie klabu gani itakataa mataji matatu kwa sababu 2031 kuna mzee wa kulipwa.

Tena huo msimu wa 2025 alianza akiwa mgonjwa wa tumbo, amepungua kilo kadhaa. Simtetei zaidi ya hapo.

#6 Mdau, Lowell

Kwani Boston nao hawakushuka chini ya mstari wakajenga? 2021 walifika fainali ya American League.

#7 Mleta uzi

Walifika, na Verdugo alichangia. Halafu 2022 ndiyo imenitoa mvi.

Walivuka mstari kwa milioni chache tu, kodi ikawa kama milioni 1.2, wakamaliza wa mwisho kundini. Ukitaka kuvuka, vuka ushinde. Kama huna nia, shuka. Wao walikaa mlangoni. Agosti 1 wakiwa Houston, mdakaji Christian Vázquez yuko uwanjani anajiandaa na mechi ya jioni, akaambiwa umehamishwa, na klabu mpya ni hiyohiyo Houston mliyokuja kucheza nayo. Akahama chumba. Nikadhani sawa, wameamua kuuza. Kumbe ameuzwa yeye, wengine wengi wakabaki, gharama ikabaki juu ya mstari. (Haki itendeke: mmoja wa waliokuja kwa Vázquez ni Wilyer Abreu, na leo uwanja wa kulia ni wake. Hilo Bloom alilipatia.)

Sasa sikilizeni adhabu ya kukaa mlangoni. Mchezaji wako akikataa ofa rasmi ya mwaka mmoja na kuondoka akiwa huru, klabu inafidiwa nafasi ya ziada kwenye drafti. Ukiwa umevuka mstari, nafasi hiyo inasukumwa hadi baada ya raundi ya nne. Desemba 2022 Xander Bogaerts, shortstop wetu, akaenda San Diego Padres kwa milioni 280 na miaka 11. Fidia ya Boston ikashushwa kwa ajili ya zile milioni chache zilizowapa nafasi ya mwisho. Huo ndio uamuzi wa kikosi na pesa ambao sijawahi kusikia mtu akiutetea kwa sauti.

#8 Mdau, Dar

Na Devers? Nilisoma aligoma.

#9 Mleta uzi

Devers ni mtoto wa hizo mbili. Betts kaenda, Bogaerts kaenda, mashabiki wakawazomea wenye timu hadharani, na Januari 2023 Rafael Devers akapewa milioni 313.5 kwa miaka kumi. Naamini kabisa ule mkataba ulisainiwa kwa woga. Mpigaji hatari, ila ulinzi wake kituo cha tatu ulikuwa wa kubahatisha, na kila mtu alijua siku itafika wamhamishe.

Ikafika mapema. Februari 2025 wakamsajili Alex Bregman, naye anacheza kituo cha tatu. Devers akanuna, akawa mpigaji tu asiyelinda. Mei, Triston Casas wa kituo cha kwanza akaumia goti vibaya, wakamwomba Devers aende huko. Akakataa mbele ya waandishi. Henry mwenyewe akapanda ndege kumfuata Kansas City. Juni 15, siku waliyokamilisha kuwafunga Yankees mechi zote tatu, na Devers akiwa amepiga homurani mchana huohuo, akapelekwa San Francisco Giants pamoja na deni lake lote, zaidi ya milioni 250.

Kilichorudi: warushaji Jordan Hicks na Kyle Harrison, na vijana wawili. Mmoja wa hao vijana, James Tibbs, wiki chache baadaye akapelekwa... Dodgers. Nimeacha kushangaa.

Devers alikosea, mchezaji anayelipwa vile akiombwa ajifunze nafasi mpya ajaribu. Lakini ofisi ndiyo iliyomwambia mwanzoni asahau glavu, achukue nafasi ya kupiga tu. Na Bregman aliyeletwa kuchukua nafasi yake? Msimu ukaisha, akatumia kipengele cha kujitoa, sasa yuko Chicago Cubs. Kituo cha tatu wamekipoteza mara mbili ndani ya mwaka.

#10 Mdau, New Jersey

Sisi wa Yankees tunasoma uzi huu tukiwa na popkoni. Endeleeni.

#11 Mleta uzi

Mmetutoa raundi ya kwanza 2025, una haki. Kula taratibu usipaliwe.

#12 Mdau, Nairobi

Mimi naona tatizo ni kutokuwepo kikomo. Wangeweka kikomo kama mpira wa kikapu, Pittsburgh na klabu nyingine ndogo wangepumua.

#13 Mleta uzi

Makubaliano ya wachezaji na wamiliki yanaisha Desemba 1, 2026, na hilo ndilo vita itakayokuja. Msimamo wangu ni mfupi: kikomo cha juu bila kima cha chini ni zawadi kwa mmiliki. Pittsburgh hawazuiwi na mtu kutumia. Kikomo kisingemwokoa Betts pia. Boston walijiwekea chao wenyewe.

#14 Mdau, Mwanza

Wamejifunza lolote?

#15 Mleta uzi

Ndiyo, na hapa nawapa maua yao. Tangu Craig Breslow ashike ofisi mwishoni mwa 2023 wanasaini vijana mapema, kabla ya kufika kile chumba cha wasuluhishi. Brayan Bello milioni 55, Ceddanne Rafaela 50, Garrett Crochet 170, Roman Anthony 130 na alikuwa hajamaliza hata miezi miwili timu kubwa. Hiki ndicho alichopaswa kufanyiwa Betts 2016.

Kuna hatari yake, nimeiona kwa macho. Aprili 2025 Kristian Campbell alipewa milioni 60 kwa miaka minane akiwa ndio kwanza ameanza, na mwezi huo akawa mchezaji chipukizi bora wa American League. Juni 20 akarudishwa ligi ndogo Worcester. Nilikwenda Polar Park kumwona, tiketi bei ya chakula cha mchana, nikakaa karibu kabisa na uwanja. Kabla ya mechi alikuwa kituo cha kwanza anarushiwa mipira ya chini, ile inayodunda mbele ya miguu. Anadaka, anakosa, anaomba tena. Kocha hasemi kitu, anaokota mwingine. Watoto kwenye uzio wanamwita jina, na yeye anainua glavu bila kugeuka.

#16 Mdau, Lowell

Haya sasa, milioni 60 inadaka mipira Worcester. Bado unasema wametumia vizuri?

#17 Mleta uzi

Bado. Gawanya kwa minane, ni 7.5 kwa mwaka. Akiwa mchezaji wa kawaida tu, bei hiyo ni halali. Akiwa nyota, wamepata kwa bei ya kutupwa. Akishindwa kabisa, milioni 7.5 hazimlazimishi mtu kumfunga Anthony kwenye kifurushi ili mwingine akubali kumbeba. Price alikuwa milioni 32.